Je, Amekufa Kweli?

Kidonge cha kupimia klorini hakiguswi kwa kidole. Mpima maji mzoefu huchana pakiti upande mmoja, akaiinamisha, akakiacha kidonge kidondoke chenyewe ndani ya kichupa, kwa sababu jasho na mafuta ya ngozi vinatosha kuharibu jibu. Kabla ya hapo amekwisha kukisuuza kichupa mara tatu kwa maji yale yale anayotaka kuyapima. Bomba nalo ameliacha limwage kidogo kwanza, asije akapima maji yaliyolala ndani ya mpira. Anafunga kifuniko, anatikisa, anainua kichupa usawa wa macho akikielekeza kwenye mwanga wa anga, na analinganisha wekundu wa maji na rangi zilizopangwa pembeni. Waridi hafifu, miligramu 0.2 kwa lita. Waridi iliyokolea kidogo, 0.5. Anaandika, anamwaga, anakwenda bomba linalofuata.

Ukimtazama mara moja utadhani ni kazi ndogo. Hapa Nyarugusu, wilayani Kasulu, katika nyanda za juu za Kigoma, kazi hiyo ndiyo inayosimama kati ya kambi nzima na kipindupindu, na mimi naihesabu miongoni mwa kazi za mikono zenye adabu kubwa kabisa. Seremala akikosea, mlango unagoma kufunga na kila apitaye anaona. Anayeua vijidudu ndani ya maji hushughulika na kiumbe asiyemwona, kwa dawa isiyoonekana ikishayeyuka, na akikosea hataona chochote siku hiyo. Ataona baada ya siku mbili tatu, kwenye foleni ya zahanati.

Kwa hiyo kila anachokifanya kinazunguka swali moja: kijidudu huyu amekufa kweli, au ni mimi tu ninayedhani amekufa? Swali hilo hilo limewashughulisha kwa zaidi ya miaka 15 mafundi wa aina nyingine walioko Tehran, Shanghai, Singapore na Manchester, wanaotafuta kujua kinachotokea grafini inapokutana na bakteria. Nimezifuatilia kazi zao kwa furaha ile ile ninayoipata nikimtazama mpima maji, na kadiri ninavyozisoma ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba hawa ni watu wa kazi moja.

Grafini huanzia kwenye kinywe, madini meusi laini yaliyomo ndani ya penseli. Tanzania tunayo mengi: Mahenge mkoani Morogoro, Ruangwa mkoani Lindi, na Mirerani mkoani Manyara, ambako wachimbaji wa tanzanaiti hutoka shimoni wakiwa weusi na wakimetameta kwa vumbi lake. Kinywe ni kaboni iliyopangwa tabaka juu ya tabaka, na tabaka hizo hazikushikana sana. Ndiyo maana penseli inaandika. Tabaka zinateleza na kubaki kwenye karatasi. Mwaka 2004, katika Chuo Kikuu cha Manchester, Andre Geim na Konstantin Novoselov walichukua utepe wa kunata wa kawaida, wakaubandika kwenye kinywe, wakabandua, wakaukunja na kubandua tena na tena, mpaka wakafikia tabaka moja tu la atomu za kaboni. Hiyo ndiyo grafini. Mwaka 2010 walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya fizikia. Unene wa tabaka hilo ni nanomita 0.34 hivi, ukitaka kufikisha milimita moja itakubidi upange tabaka kama milioni tatu.

Sasa mlete bakteria. E. coli, anayeishi matumboni mwetu na ambaye wapima maji humtumia kama shahidi kwamba maji yameguswa na kinyesi, ana urefu wa mikromita 2 hivi. Utando wa mafuta unaoushikilia uhai wake una unene wa nanomita 4 au 5. Maana yake ni kwamba tabaka la grafini ni jembamba mara kumi na zaidi kuliko utando huo, na hapo ndipo wazo lilipozaliwa: ukingo mwembamba namna hiyo si utamchana?

Mwaka 2010, katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Sharif, Tehran, Omid Akhavan na Elham Ghaderi walijenga kuta za grafini juu ya bamba la chuma kisichoshika kutu, kingo zikitazama juu, kisha wakaweka bakteria wa aina mbili. E. coli alistahimili zaidi. Staphylococcus aureus aliumia zaidi, kwa kuwa hana ule utando wa pili wa nje ambao E. coli amejaliwa. Nililolipenda katika kazi yao ni kwamba hawakuridhika na kuhesabu waliokufa. Walipima pia vitu vya ndani ya seli vilivyovuja nje, ili waone kama kweli utando umetoboka au bakteria wamekufa kwa sababu nyingine. Mwaka huohuo kikundi cha Shanghai kikatengeneza karatasi nzima ya oksidi ya grafini, yaani grafini iliyobebeshwa oksijeni ili ichanganyike na maji, kikaonyesha kwamba E. coli hastawi juu yake.

Mwaka uliofuata Shaobin Liu na wenzake huko Singapore waliweka aina nne za kaboni bega kwa bega: kinywe, oksidi ya kinywe, oksidi ya grafini, na oksidi ya grafini iliyopunguzwa oksijeni. Oksidi ya grafini ndiyo iliyoua zaidi. Lakini walitazama pia glutathioni, kemikali ambayo bakteria huitumia kujikinga asiunguzwe kutoka ndani, na wakakuta kwamba kaboni zinazopitisha umeme vizuri ndizo zinazoimaliza kinga hiyo haraka. Kumbe makali ya ukingo ni sehemu tu ya habari. Bakteria anaguswa, utando wake unasumbuliwa, na elektroni zake zinaporwa. Mwaka 2013 likaongezeka jambo la nne, ambalo kwangu ndilo la ajabu kuliko yote. Watafiti waliounganisha hesabu za kompyuta na picha za hadubini ya elektroni walionyesha kwamba tabaka la grafini likizama kwenye utando huyavuta mafuta ya utando huo na kuyapandisha juu ya uso wake, molekuli baada ya molekuli, mpaka utando unabaki na matundu.

Mtu asiye na subira angefunga daftari hapo na kwenda kutafuta soko. Lakini tayari mwaka 2011 Oscar Ruiz na wenzake walikuwa wametoa matokeo yaliyokwenda kinyume kabisa: walipoiweka oksidi ya grafini kwenye mchuzi wa kulishia bakteria, E. coli walikua haraka zaidi kuliko wale wasiowekewa. Walijikusanya juu ya tabaka, wakajenga utando mzito wa pamoja, wakanenepa. Na kwenye vichujio vilivyopakwa oksidi ya grafini, badala ya kufa, bakteria walistawi kuliko kwenye vichujio vitupu.

Fikiria uzito wa jambo hilo kwa mtu anayetaka kutengeneza kichujio cha maji ya kunywa. Kitu ambacho maabara moja inasema kinaua, maabara nyingine inasema ni kitanda kizuri cha kulalia. Hakuna aliyedanganya. Kilichotakiwa ni watu wa kukaa na jambo hilo polepole, wakiuliza kila hatua: mliweka kwenye maji gani? Mliosha mara ngapi? Mlihesabuje?

Jibu la swali la kwanza lilipatikana mwaka 2014. Kikundi kimoja kilionyesha kwamba oksidi ya grafini huua ikiwa kwenye maji ya chumvi yasiyo na chakula, lakini ukiongeza mchuzi wa kulishia, protini hushika uso wa tabaka na kuufunika wote. Uso ukishafunikwa, hakuna tena pa kumgusia bakteria. Silaha ni ile ile, bakteria ni yule yule, ila kile kilichoyeyuka ndani ya maji kimeshaila silaha kabla haijafika.

Jibu la swali la pili linahusu kuosha, na hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu kuosha ndiyo kazi ambayo hakuna anayeisifu.

Oksidi ya grafini hutengenezwa zaidi kwa njia iliyochapishwa na William Hummers na Richard Offeman mwaka 1958. Unachukua unga wa kinywe, unauweka kwenye tindikali kali ya salfa, unaongeza pamanganeti ya potasiamu kidogo kidogo huku chombo kikiwa kwenye barafu, kwa sababu ukiharakisha kinaweza kulipuka. Mchanganyiko unageuka kijani kizito, kisha unakuwa mzito na wa kahawia. Unaongeza maji kwa tahadhari, halafu peroksidi ya hidrojeni, na rangi inabadilika ghafla kuwa ya manjano inayong'aa. Hapo mwanafunzi anafurahi na kupiga picha. Kumbe kazi ndiyo kwanza inaanza, kwa sababu ndani ya chombo hicho, pamoja na oksidi ya grafini, kuna tindikali, chumvi za manganizi na mabaki mengine, na vyote vinatakiwa kutoka.

Unaweka kwenye mashine inayozungusha kwa kasi, vizito vinatua chini, unamwaga maji ya juu, unaongeza maji safi, unatikisa, unarudia. Mara za mwanzo ni rahisi. Lakini kadiri tindikali inavyotoka, tabaka zinaanza kunyonya maji na kuvimba, mpaka kilichomo kwenye chupa kinakuwa kama uji wa ulezi uliolala, na hakitaki tena kutua. Kila mwosho unakuwa mgumu kuliko uliotangulia. Mwosho wa tano unachukua muda mrefu kuliko wa nne, na wa nane unakaribia kukushinda. Hapo ndipo mkono wa fundi unapojulikana. Kwa macho, chupa iliyooshwa nusu na iliyooshwa kikamilifu hazitofautiani. Hakuna atakayejua ukiacha mapema.

Mwaka 2016 kikundi cha Manchester, Novoselov mwenyewe akiwemo, kiliamua kuuliza swali ambalo wengi walikuwa wamelipita: kinachoua ni oksidi ya grafini, au ni uchafu uliobaki ndani yake? Waliwapa bakteria oksidi iliyooshwa kidogo na oksidi iliyooshwa sana. Ile ya kwanza iliua. Ile safi kabisa haikuwadhuru, na bakteria waliendelea kuishi. Angalau baadhi ya sifa tulizokuwa tukiipa grafini zilikuwa za tindikali na mabaki ambayo hayakusuuzwa. Nawaheshimu sana watu waliofanya kazi hiyo. Jina la mmoja wao linaishi juu ya grafini, na bado walikubali kuosha mpaka sifa ya kitu chao ipungue.

Swali la tatu, mlihesabuje, lina kisa chake kizuri. Mwaka 2011 Akhavan na Ghaderi, pamoja na mwenzao, walionyesha kwamba tabaka za grafini humfunika bakteria pande zote na kumtenga na chakula. Ukimweka kwenye sahani ya kuoteshea, haoti, nawe unaandika kwamba amekufa. Lakini walipotikisa mchanganyiko kwa mawimbi ya sauti na tabaka zikamwachia, bakteria waliamka wakaanza kuzaana tena. Walikuwa wamefungiwa tu. Kutoota na kufa ni mambo mawili, na anayeyachanganya atawapa watu maji yenye bakteria waliolala.

Nikirudi kwenye mabomba ya Nyarugusu, nakuta kwamba mpima maji anayajua mambo haya yote matatu, kwa njia yake.

Kwanza, hesabu. Anapochukua maji yenye klorini kwenda kuyapima bakteria, chupa yake haiwi tupu. Chini kuna chembe ya sodiamu thiosulfati, ambayo kazi yake ni kuizima klorini mara maji yanapoingia. Bila hiyo, klorini ingeendelea kuua njiani, na chupa ingefika na jibu zuri kuliko ukweli wa bomba. Akishafika, anapitisha mililita 100 kwenye kichujio chenye matundu ya mikromita 0.45, ambayo bakteria hapiti, anakilaza kichujio kwa kibanio kilichounguzwa motoni juu ya kitambaa kilicholoweshwa chakula chekundu, anafunika. Na hapo, badala ya kuingiza sahani mara moja kwenye joto la nyuzi 44, anasubiri. Saa moja, hata nne, sahani zinakaa katika joto la kawaida ili bakteria waliojeruhiwa na klorini wapate nguvu. Anawahudumia maadui zake ili ajue idadi yao kamili. Baada ya saa 16 au 18 anafungua na kuhesabu madoa ya manjano, moja moja, kwa ncha ya penseli. Doa moja, bakteria mmoja aliyeponyoka. Sijui kazi nyingine ambayo uaminifu wake umewekwa wazi namna hii ndani ya hatua zake zenyewe: unampa adui nafasi ya mwisho ya kukuumbua, kisha ndipo unasema umemshinda.

Kuna pia ujanja mwingine ambao vitabu huutaja kwa mstari mmoja tu. Klorini ikizidi mno, kidonge hutoa wekundu kisha wekundu huo unafutika, kwa sababu klorini nyingi huiunguza hata rangi yenyewe. Mgeni wa kazi anaona maji meupe, anaandika sifuri, na anaagiza klorini iongezwe kwenye maji ambayo tayari yamezidiwa. Mzoefu hakuangalia mwisho tu. Alikuwa ameshaona wekundu uliopita kwa nukta moja wakati kidonge kinayeyuka, na pua yake imeshamwambia. Anachanganya maji hayo na maji yasiyo na klorini, anapima upya.

Pili, kile kilichomo ndani ya maji. Klorini ikiyeyuka hutoa asidi ya haipoklorasi, molekuli ndogo isiyo na chaji, inayopenya utando wa bakteria kwa urahisi na kuunguza vimeng'enya vyake. Inafanya hivyo vizuri zaidi maji yakiwa na pH iliyo chini ya 8, ndiyo sababu kichupa cha kupimia kina chumba cha pili cha pH. Lakini molekuli hiyo haichagui. Ikikutana na tope, majani yaliyooza au kutu ya bomba, inaungua nayo vilevile na kuisha. Ni habari ile ile ya mchuzi na grafini. Kwa hiyo mpimaji huanza na tope: anamimina maji taratibu kwenye mrija mrefu wenye alama chini, akichungulia kutoka juu, mpaka alama ipotee, na kimo cha maji kinamwambia kiwango cha tope, kwa kipimo kiitwacho NTU. Zaidi ya NTU 5, klorini peke yake si ya kuaminiwa.

Kisha anauliza maji yenyewe yanataka kiasi gani. Anatengeneza dawa ya asilimia moja, yaani gramu 15 hivi za unga wa klorini wa asilimia 70 ndani ya lita moja. Anapanga ndoo nne za lita 20, zote zimejazwa kutoka chanzo kimoja. Kwa bomba la sindano anaweka mililita 1 kwenye ndoo ya kwanza, 2 kwenye ya pili, 3 na 4 kwenye zinazofuata. Anakoroga, anafunika, anangoja dakika 30. Katika dakika hizo hakuna la kufanya, na ndizo dakika ambazo mtu mvivu hupunguza. Zikitimia, anapima klorini iliyobaki katika kila ndoo, na ile iliyobakiwa na kati ya 0.2 na 0.5 ndiyo inayompa kipimo cha tangi zima. Mvua zikianza na maji yakabadilika, jibu la wiki iliyopita halifai tena.

Tatu, kuosha. Maji yanaweza kutoka bombani yakiwa safi yakafia ndani ya dumu. Ndani ya dumu la mdomo mwembamba mkono hauingii, na ukuta wake hujenga utelezi ambao ni makazi ya bakteria, utelezi unaoila klorini usiku kucha. Akina mama wa kambini huweka changarawe, sabuni na maji kidogo, wakatikisa kwa nguvu mpaka kokoto zikwangue ukuta, wakamwaga, wakasuuza, wakarudia. Ni mwosho ule ule wa maabara. Na hapa pia dumu lililooshwa nusu linafanana kwa nje na lililooshwa vizuri.

Ndiyo maana mpimaji mwema hamalizii bombani. Anafika nyumbani, anapiga hodi, anakaribishwa, anauliza habari za watoto kwanza.

"Mama, maji haya yamechotwa lini?"

"Asubuhi, Papa."

"Asubuhi ya saa ngapi?"

"Watoto walikuwa hawajaenda shule."

Anahesabu kimoyomoyo, anaandika saa, ndipo anapima. Kuna sababu ya kuandika saa. Mwaka 2013, katika kambi za wakimbizi za Sudan Kusini, watafiti waliyafuata maji kutoka bombani hadi nyumbani, wakaona jinsi klorini inavyopungua njiani na ndani ya chombo. Walipendekeza kwamba katika mazingira kama yale bomba litoe miligramu 1.0 kwa lita, ili baada ya saa kama 10 mtoto akinywa nyumbani akute bado 0.2. Kipimo cha bombani kilichotosha kwenye vitabu hakikutosha kwenye nyumba ya turubai yenye joto. Na kabla ya hapo, mwaka 1993, katika kambi ya Nyamithuthu nchini Malawi, kwa wakimbizi wa Msumbiji, ndoo zenye mfuniko na mdomo wa kumiminia, ambazo mkono hauwezi kuingia, zilipunguza bakteria wa kinyesi katika maji ya nyumbani kwa asilimia 69, na kuhara kwa watoto walio chini ya miaka mitano kwa asilimia 31. Ni plastiki tu, na mtu aliyefikiria mkono wa mtoto unakwenda wapi.

Nyarugusu inajua gharama ya kukosea. Ilifunguliwa mwaka 1996 kwa Wakongo waliokimbia vita vya Kivu Kusini. Mwezi Aprili na Mei 2015 Warundi walianza kuvuka kwa maelfu, na wengi walikwama Kagunga, kijiji kidogo cha wavuvi kilichobanwa kati ya milima na Ziwa Tanganyika, wakinywa maji ya ziwa. Kipindupindu kikalipuka, kikaua watu wapatao 30, wengi wao wakimbizi. Meli ya MV Liemba iliwabeba hadi Kigoma mjini, na kutoka hapo mabasi yakawaleta huku. Kambi iliyokuwa na watu elfu sitini na kitu ikapita laki moja na nusu, mpaka Nduta ya Kibondo ilipofunguliwa tena mwezi Oktoba kupunguza msongamano. Katika miezi hiyo kila ndoo ya majaribio, kila kidonge na kila dakika 30 ilikuwa na watu nyuma yake.

Mwaka huohuo wa 2015, Mtanzania Askwar Hilonga, mhandisi wa kemikali wa Taasisi ya Nelson Mandela jijini Arusha, alishinda tuzo ya kwanza ya Afrika ya ubunifu wa kihandisi iliyotolewa na Akademia ya Kifalme ya Uhandisi ya Uingereza. Kichujio chake huunganisha mchanga, ambao umechuja maji ya watu tangu zamani, na vitu vya kiwango cha nano, na nguvu yake ni kwamba kinapangwa kulingana na maji ya mahali. Mwenye maji yenye floraidi hapewi kile cha mwenye maji yenye vijidudu. Hilonga alizaliwa kijijini Gongali, karibu na Karatu, na alisomea nano Korea Kusini. Naona katika kazi yake mkono ule ule: kwanza maji, halafu dawa.

Naamini siku itafika ambapo kichujio chenye grafini kitaletwa kwenye kambi kama hii, labda kikiwa kimetengenezwa kwa kinywe cha Ruangwa, na nitafurahi. Siku hiyo ningependa kikabidhiwe kwa mpima maji kabla ya kukabidhiwa kwa mtu mwingine yeyote. Asiletewe maji ya maabara. Akipitishie maji ya mvua za kwanza za Novemba, yenye tope na majani. Akiendeshe majuma kadhaa bila kukisafisha, kisha akifungue aone kama bakteria wamegeuza uso wake kitanda. Maji yaliyotoka ayapime mabaki ya manganizi, ajue kama kiwanda kiliosha mpaka mwisho, na ayatazame kama kuna tabaka zilizobanduka zinazoelekea tumboni mwa mtu. Bakteria wasioota awatikise kwanza, awape saa zao nne za kupata nguvu katika joto la kawaida, na ndipo awaingize kwenye nyuzi 44 na kuanza kuhesabu madoa.